Sindano Kabla ya Kisu

Msomaji, iko desturi moja katika nchi yetu ambayo kila mtu huisifu, nami leo nataka kuilaumu. Si kwamba desturi yenyewe ni mbaya. Ni kwamba huja wakati umekwisha kupita. Mtoto akiambiwa kwamba moyo wake hauna budi kupasuliwa, sisi hukusanyika. Hema husimamishwa uwanjani, viti hupangwa, mheshimiwa hualikwa, kwaya huimba, na kapu hupitishwa mkono kwa mkono. Atoaye elfu moja hupigiwa makofi, na atoaye elfu hamsini hutajwa jina lake mara tatu katika kipaza sauti. Jioni kila mtu hurudi kwake ameridhika, akiamini kwamba ameokoa maisha. Yamkini ameokoa. Walakini katika umati ule hapana hata mmoja aulizaye swali hili: Moyo wa mtoto huyu ulikuwa mzima alipozaliwa, ni nani aliyeuacha ukaharibika?

Mimi nataka kuliuliza, na nataka kulijibu. Tuliuacha sisi. Tuliuacha kwa sababu tuna heshima kubwa kwa kisu cha daktari mpasuaji, na dharau kubwa kwa sindano ya muuguzi. Tena tumejizoeza kuupima ugonjwa kwa maumivu: yakiwapo tunasema mtoto ni mgonjwa, yakitoweka tunasema amepona. Katika maradhi mengi kipimo hicho hutufaa. Katika maradhi nitakayoyataja hapa, kipimo hicho huua.

Maradhi yenyewe huitwa homa ya baridi yabisi. Jina hili limewapoteza wengi, maana wakisikia baridi yabisi huwaza mzee aliyeketi juani akikanda magoti yake. Sivyo. Homa hii ni ya watoto. Huwashika hasa wenye umri wa miaka 5 hata 15, yaani umri ule ule wa kukaa darasani. Wala haiji kwa baridi ya alfajiri, wala kwa kunyeshewa, wala kwa jicho la jirani. Huja kwa koo.

Chanzo chake ni aina moja ya bakteria waitwao streptokoki, ambao hukaa kooni na kuleta mafindofindo. Koo huwa jekundu, kumeza huwa taabu, homa hupanda ghafula, na tezi za shingo huvimba. Baada ya siku chache maumivu huisha yenyewe, hata kama hapana dawa iliyotumiwa. Hapo ndipo udanganyifu unapoanza. Mwili, katika kupigana na bakteria, umekwisha kujitengenezea askari. Na kwa watoto wengine askari hao hushindwa kumbagua adui na mwenyeji, kwa kuwa sehemu fulani za bakteria zinafanana na sehemu fulani za mwili wa binadamu. Wiki mbili au tatu hivi baada ya koo kupona, askari hao huugeukia mwili uliowazaa. Hushambulia magoti, viwiko, na vifundo vya miguu na mikono, wakihama toka kiungo hata kiungo. Pengine hushambulia ile sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mikono na uso. Na mara nyingi mno hushambulia moyo.

Viungo hupona bila ya kuacha alama. Moyo sivyo. Ndani ya moyo mna vilango vinne, viitwavyo vali, ambavyo kazi yake ni kuiruhusu damu ipite upande mmoja na kuizuia isirudi. Kilango kilicho kati ya chumba cha juu na chumba cha chini, upande wa kushoto, ndicho kiumiacho zaidi. Kikivimba kisha kikapona, huacha kovu. Kovu hukikaza kisifunguke sawasawa, au hukikunja kisifungike sawasawa. Damu ikikwama au ikirudi nyuma, moyo hulazimika kufanya kazi ya mioyo miwili, hata siku moja ukachoka. Na hapa sikiliza vyema, msomaji: homa hii yaweza kurudi kila koo linapoambukizwa tena, na kila irudipo huongeza kovu juu ya kovu.

Mambo haya sikuyasoma katika chuo cha ualimu. Huko nilifundishwa kuandaa somo, kusahihisha madaftari na kutunza nidhamu. Haya niliyasoma baada ya kukosea, na kosa langu nitakusimulia bila ya kulipamba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule moja ya kijijini. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo msichana wa miaka 11, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Katika muhula wa kwanza aliumwa koo siku tatu, akapona. Baadaye aliumwa magoti, kisha vifundo vya miguu, akapona. Mama yake alisema kwamba hayo ni maumivu ya kukua, nami nikaitikia. Katika muhula wa pili mwandiko wake ukaharibika. Herufi ziliruka mistari. Rula ilimponyoka mkononi. Uso wake ulikunjuka na kukunjika kana kwamba anawafanyia wenziwe dhihaka. Nilidhani ni utundu.

Fimbo imekatazwa na sheria mashuleni tangu mwaka wa 2001, wala sikumpiga. Lakini ulimi nao ni fimbo. Niliinua daftari lake mbele ya darasa nikauliza, “Ni kuku gani aliyepita juu ya ukurasa huu?” Darasa lote likaangua kicheko. Msichana hakulia. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana juu ya meza ili usicheze.

Hakuwa mvivu wala mtundu. Alikuwa na ugonjwa uitwao koria, ambao tabibu Mwingereza Thomas Sydenham aliueleza katika karne ya 17. Ni mtikisiko usiozuilika, tawi mojawapo la homa ya baridi yabisi, na waweza kutokea miezi kadhaa baada ya koo kupona. Huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Watu wamekuwa wakiujua kwa zaidi ya miaka 300, na mimi mwenye cheti cha ualimu nilimwita mgonjwa wake kuku.

Mama yake alimpeleka hospitali. Daktari alisikiliza kifua, akasikia mvumo usio wa kawaida moyoni. Akawaeleza maradhi, akampa kadi, na akaamuru kwamba kila baada ya siku 28 mtoto adungwe sindano ya penisilini. Alikwenda mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Mtikisiko ulikoma, na ule mwandiko mzuri ukarudi. Mwezi wa sita dawa haikuwapo. Mama na mwana walirudi mikono mitupu, nauli ya matatu imekwisha kutoka. Mwezi wa saba dawa ilikuwapo, ila siku ile ilikuwa siku ya mtihani, na mimi, mimi niliyemcheka, nikasema, “Mtoto huyu ni mzima sasa, na aende wiki ijayo.” Wiki ijayo haikufika kamwe. Mama yake aliniuliza baadaye, “Mwalimu, si amekwisha kupona? Kwa nini nimchome sindano mtoto mzima?” Sikuwa na jibu, kwa sababu nilifikiri kama yeye.

Miaka minne baadaye hema lilisimamishwa uwanjani kwa ajili yake, nami nikatoa mchango wangu, nikapigiwa makofi.

Sasa, msomaji, tazama kile tulichokidharau. Katika mwaka wa 1928 Alexander Fleming aliona katika maabara yake mjini London kwamba ukungu fulani unaua bakteria. Katika miaka ya 1940 Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford waliufanya ukungu huo kuwa dawa ya watu. Dawa hiyo ndiyo penisilini. Mwaka wa 1950 madaktari waliokuwa wakiwachunguza askari vijana katika kambi ya jeshi la anga ya Warren, katika jimbo la Wyoming, Marekani, walitangaza kwamba askari waliotibiwa koo kwa penisilini waliepukana na homa ya baridi yabisi kupita wale ambao hawakutibiwa hivyo. Ikajulikana pia kwamba matibabu yakianza hata siku ya 9 tangu koo kuanza kuuma, bado yaweza kuuzuia moyo usiguswe. Kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, ikapatikana penisilini ya namna ya benzathini, ambayo ikidungwa msulini huyeyuka polepole na kuulinda mwili kwa muda wa wiki tatu hata nne.

Basi dawa hii ina umri wa zaidi ya miaka 70. Haihitaji chumba cha marumaru wala mtambo wa mamilioni. Muuguzi wa zahanati aliyefunzwa vyema anaweza kuitoa. Yatumika mahali pawili. Kwanza, kabla ya homa: mtoto mwenye koo la streptokoki hudungwa sindano moja, au hupewa vidonge vya siku 10, na mlango hufungwa. Pili, baada ya homa: mtoto aliyekwisha kushikwa hudungwa kila baada ya wiki nne, na pengine kila baada ya wiki tatu, ili koo lisiambukizwe tena na kovu lisiongezeke. Ikiwa moyo umeguswa, kazi hiyo huendelea kwa miaka 10 au hata mtoto afikie umri wa miaka 21, ule ulio mrefu zaidi. Na ikiwa kovu limebaki, huendelea zaidi ya hapo. Fanya hesabu pamoja nami. Siku 28 huingia mara 13 katika mwaka. Msichana wangu wa miaka 11 alihitaji sindano 130 zisizopungua. Alipata 5.

Hapa kuna neno la kukumbukwa kuliko yote. Aspirini hutuliza magoti. Kitanda humpumzisha mgonjwa. Lakini hapana dawa inayofuta kovu la vali. Penisilini nayo haifuti kovu. Inachofanya ni kuzuia kovu la pili, la tatu na la nne. Ndiyo maana mgonjwa haoni faida yake kwa macho. Anaona tu kwamba anaumia paja kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa asiousikia. Kumshawishi mtu anywe dawa ya maumivu ni kazi nyepesi. Kumshawishi adungwe akiwa mzima ni kazi ya elimu, na sisi wenye elimu hatukuifanya.

Najua kwamba nitapingwa. Wapinzani wangu ni watu wema, baadhi yao ni rafiki zangu, na hoja zao nitazipanga moja moja.

Wa kwanza husema: “Koo ni koo tu, litapita.” Kweli, aghalabu hupita. Makoo mengi yanayouma huletwa na virusi, hayataki penisilini, na yatosha maji ya vuguvugu na kupumzika. Lakini je, mama aliye jikoni atajuaje hili ni lipi? Koo linalouma pamoja na kikohozi na makamasi mara nyingi ni la mafua. Koo linalouma ghafula kwa homa, bila ya kikohozi wala makamasi, tezi za shingo zikiwa zimevimba, hilo lapasa kuonwa na mganga wa zahanati siku ile ile au ya pili yake. Wala lisitibiwe kwa vidonge vitatu vilivyosalia kabatini tangu baba alipougua. Dozi nusu humridhisha mgonjwa na humwacha adui hai.

Wa pili husema: “Mtoto amepona; sindano za nini tena?” Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa kuwa niliwahi kuwa yeye. Namjibu kwa jambo lililofanyika jirani yetu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti waliwachukua watoto na vijana 818, wa umri wa miaka 5 hata 17, ambao mioyo yao ilikuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu. Dalili hizo zilionekana kwa mtambo wa mawimbi ya sauti tu. Watoto wenyewe hawakujijua kuwa ni wagonjwa. Nusu yao walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili; nusu hawakudungwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021. Miongoni mwa waliodungwa, waliozidi kuharibika moyo walikuwa 3. Miongoni mwa wasiodungwa, walikuwa 33. Watoto wote hao wangeulizwa hali zao, wangejibu kwamba hawajambo. Neno “sijambo” lisitosheke, basi, kuwa cheti cha daktari.

Wa tatu husema: “Sindano ile inauma, tena ni ya hatari.” Inauma, sikatai. Dawa yenyewe ni nzito na paja huvimba. Muuguzi mwenye huruma huweza kuichanganya na dawa ya ganzi, akaipasha kwa viganja vyake, akaidunga polepole. Hatari nayo ipo: wako watu wachache ambao miili yao huikataa penisilini kwa ghadhabu kubwa. Kwa hiyo ni lazima mgonjwa aulizwe kabla ya kudungwa, na adungwe mahali penye dawa ya kumwokoa. Wako pia wagonjwa ambao mioyo yao imekwisha kudhoofika mno, na hao daktari huweza kuwachagulia vidonge badala ya sindano. Hayo yote ni mashauri ya daktari na mgonjwa wake. Ninachokataa ni hofu ya mtaani ijivishayo joho la udaktari. Mtu aogopaye sindano kwa ajili ya mtoto wake, na ajiulize kama hakiogopi zaidi kisu.

Wa nne ni mtu wa fikra. Husema: “Ugonjwa huu ni wa umaskini. Watoto watano wakilala chumba kimoja, koo la mmoja huwa koo la wote. Tengenezeni nyumba kwanza.” Asema kweli. Ulaya na Amerika ya Kaskazini homa hii ilianza kupungua kabla ya penisilini kupatikana, watu walipopata nyumba zenye nafasi na maisha bora. Lakini umaskini ni sababu ya ugonjwa. Si udhuru wa kuacha tiba. Kuba si nchi ya matajiri. Hata hivyo, katika mkoa wake wa Pinar del Río, kati ya mwaka wa 1986 na 1996, watu waliandikisha wagonjwa wao, waliwafundisha wazazi, walimu na wauguzi, na walihakikisha kwamba sindano za kinga zinatolewa kwa wakati. Homa ikapungua sana, na waliolemazwa nayo wakapungua pia. Hawakungoja kila familia ipate nyumba ya vyumba vitatu. Tuijenge nyumba, naam. Lakini mtoto aliyemo chumbani leo asife akiingoja.

Wa tano hunyoosha kidole juu: “Tulaumu serikali, dawa haipo.” Naye ana haki, nami nitanyoosha kidole pamoja naye. Katika mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilikiri kwamba penisilini ya benzathini imekuwa adimu kwa muda mrefu. Sababu yake yatia aibu: dawa ni ya bei rahisi, faida yake ni ndogo, na watengenezaji ni wachache. Mwezi wa Mei 2018 mataifa wanachama wa shirika hilo, na Kenya ni mmojawapo, yalipitisha azimio la kupigana na homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo, na miongoni mwa mambo yaliyotakiwa ni dawa hii ipatikane. Azimio ni karatasi. Mama aliyerudi kutoka hospitalini mikono mitupu hakuhitaji karatasi. Kila anayeweka sahihi kwa niaba yetu apaswa kuulizwa kama rafu ya zahanati ina chupa au haina. Lakini nakuuliza wewe pia, msomaji: tulipokosa dawa mwezi ule wa sita, ni nani miongoni mwetu aliyepiga kelele? Kwa barabara mbovu twaandamana. Kwa chupa iliyokosekana tulipanda matatu tukarudi nyumbani kimya.

Sasa nirudi kwenye kisu, maana sitaki nidhaniwe kuwa ninawatukana madaktari wapasuaji. Nawaheshimu. Katika Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, katika hospitali ya Tenwek kule Bomet, na mahali pengine nchini, wako watu wanaofungua vifua vya vijana wetu, wanatengeneza vali zilizokunjika au kuzibadilisha kwa vali za bandia. Ni kazi ya ajabu. Lakini mwulize yeyote kati yao, atakwambia kwamba angependa wagonjwa hao wasingemfikia. Mwenye vali ya chuma hana budi kumeza kila siku, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu yake kupimwa mara kwa mara: ikiganda hatari, ikiwa nyepesi mno hatari. Akiwa ni mwanamke naye akashika mimba, dawa ile ile inayomlinda yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na ajabu kubwa kuliko zote ni hii: mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa bado huhitaji penisilini ya kinga, ili homa isirudi tena. Kisu hakikumwokoa na sindano. Alilipa vyote viwili.

Wengi, tena, hawafiki kwenye kisu. Kati ya mwaka wa 2010 na 2012 watafiti walioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Afrika ya Kusini, bingwa aliyefariki mwaka wa 2018, waliandikisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu wa moyo katika nchi 14, Kenya ikiwemo. Nusu yao walikuwa hawajapita umri wa miaka 28. Wawili katika kila watatu walikuwa wanawake. Karibu nusu hawakuwa wakipata penisilini ya kinga. Na katika muda wa miaka miwili, takriban 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Tafakari umri huo. Ni umri wa kulea watoto, kufungua duka, kupata cheo cha kwanza kazini. Hao ni watoto wa shule walioumwa koo, wakakua.

Yatupasaje kutenda? Sitakupa orodha ndefu. Mzazi na ajue kwamba koo lenye homa na viungo vinavyouma kwa kuhama si mambo ya kungoja. Na akipewa kadi ya sindano, aitunze kama atunzavyo hati ya shamba. Mwalimu na ajue kwamba mtoto ambaye mwandiko wake umeharibika kwa ghafula, au aangushaye vitu, au asiyeweza kutulia hali jana alitulia, apelekwe kwa muuguzi kabla hajapelekwa kwa mwalimu mkuu. Shule na iiandike siku ya sindano katika daftari la mahudhurio kama siku ya kuwapo, wala mtihani usiwekwe juu yake. Wizara na zifundishe mambo haya katika vyuo vya ualimu, ili mwalimu mwingine asiyasome kwa gharama ya mtoto wa mtu.

Na wewe, msomaji kijana, usidhani kwamba maneno haya ni ya wazazi na walimu peke yao. Wewe umo katika umri wa ugonjwa huu, nawe umo katika umri wa kujua hesabu. Yamkini darasani mwenu yuko mwenzako aondokaye mara moja kila mwezi, akarudi akichechemea. Usimcheke, wala usimwulize mbona haonekani mgonjwa. Mhesabie siku. Ikifika ya 28 naye yuko uwanjani anacheza, mwulize: “Leo si siku yako?” Swali hilo halitapigiwa makofi na mtu, wala jina lako halitatajwa katika kipaza sauti. Lakini mimi ningalitoa mishahara yangu mingi ili niwe nimeliuliza siku ile ya mtihani.

Msichana yule yu hai. Alipasuliwa, ana vali ya chuma, na akiwa karibu nawe katika chumba kimya utaisikia ikigonga kama saa. Aliniandikia barua mwaka uliofuata. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alinipa habari za masomo yake, akaniambia kwamba haruhusiwi kubeba mzigo mzito, akaniomba nimsalimie darasa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekuwa wajenzi hodari wa kuta, na kila ukuta tunaufanyia sherehe. Nyufa nazo zingali pale pale, katika makoo ya watoto wa madarasa yetu, nazo huzibwa kwa sindano moja kila siku 28. Basi siku nyingine utakapoalikwa chini ya hema, nenda, utoe ulicho nacho, maana mtoto yule ana haki ya kuishi. Kisha kesho yake nenda zahanati ya karibu nawe, uulize kama penisilini ya benzathini ipo. Ikiwa haipo, usirudi nyumbani kimya.